UZI: Mbolea ni ya nani? Swali kutoka Biliqo

1/ Kila msimu wa kupanda mjadala ni ule ule: pesa ya mbolea iende wapi? Na hakosi mtu wa kuuliza, "Isiolo mbolea ya nini? Si huko ni ng'ombe na vumbi tu?" Hiyo kauli haikuanza jana. Ina historia, tuipitie.

2/ Kwanza sayansi kidogo. Mbolea nyingi ya gunia kazi yake kubwa ni naitrojeni. Hewani imejaa, lakini mahindi hayawezi kuichukua hivyo. Mwaka 1909, Mjerumani Fritz Haber aliigeuza kuwa amonia maabarani. Kufikia 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilikuwa kinaitoa kwa wingi. Rutuba ikawa bidhaa ya dukani.

3/ Sasa siasa. Waraka wa Kikao Na. 10 wa 1965 ulisema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapoleta faida kubwa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Kwa lugha rahisi: nyanda za juu mbele, wafugaji wangojee.

4/ Ruka hadi 2022. Serikali ikashusha gunia la kilo 50 hadi shilingi 3,500, na 2023 likafika 2,500. Kwa mkulima wa mahindi huo ni msaada wa kweli, hakuna ubishi. Lakini mfugaji wa Biliqo hana shamba la kumwagia gunia. Ruzuku ya rutuba inampita tu.

5/ Na si ati hajui rutuba. Ng'ombe anakula nyasi mbali, analala zizini. Mkojo na samadi yake vinageuka amonia, halafu bakteria wa udongo wanaigeuza naitreti, chakula cha mmea. Boma likihamishwa, pale lilipokuwa panabaki na udongo ulioshiba.

6/ Ushahidi? Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa maboma ya kale Narok, mengine ya zaidi ya miaka 3,000. Fosforasi na kalsiamu bado ziko juu, na naitrojeni bado ina alama ya samadi. Wafugaji hao waliacha malisho mazuri kuliko waliyoyakuta. Kwa hiyo "wafugaji wanaharibu ardhi", hivi hivi bila maelezo, haisimami.

7/ Lakini tusidanganyane, samadi si malaika. Boma linapohama, inasambaa. Mifugo ikibanwa sehemu moja, hasa karibu na kisima, naitreti inayeyuka na kushuka na maji. Kiwango cha WHO ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga inaweza kushindwa kubeba oksijeni vizuri. Na kuchemsha hakuiondoi.

8/ Ndiyo maana kuhama si ushamba. Mfumo wa dedha wa Waborana, wazee wakipanga malisho ya kiangazi na ya mvua, pia unasambaza samadi. Ukiwazuia watu kuhama, umeigeuza mbolea kuwa sumu.

9/ Na huu udongo "usio na faida"? Kaboni yake imeuzwa ng'ambo kupitia hifadhi za kaskazini, Biliqo Bulesa ikiwemo. Wananchi wakaenda kortini. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab ziliundwa kinyume cha katiba. Kwenye bajeti udongo huo ni vumbi, sokoni ni mali. Wenyewe wanaulizwa lini?

10/ Kwa hivyo mgombea akija na ahadi ya mbolea, muulize matatu: Mfugaji anahesabiwa kama mzalishaji? Nani anapima naitreti visimani? Njia za kuhamia malisho zitalindwa na sheria gani? Akijibu "tutaangalia", hilo ni jibu la 1965.

Tujadili hapo chini, bila matusi.