Kisumbi cha Walega: Umbo, Jina na Hatima ya Kigoda cha Maniema

Historia ya Maniema imezoea kuandikwa kwa majina ya watu na miji: Tippu Tip, Nyangwe, Kasongo. Vyombo vya nyumbani hutajwa kwa nadra. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hata kigoda chaweza kusomwa kama hati, almuradi tulijue umbo lake, jina lake na maneno yaliyosemwa juu yake.

Kigoda chenyewe ni kisumbi cha Walega, ambao sehemu ya makazi yao ni Pangi, katika mkoa wetu. Kisumbi huchongwa kutoka gogo moja. Juu kina kikalio cha mviringo kilichobonyea kidogo, chini kitako cha mviringo, na katikati miguu iliyopinda. Ukikichunguza, kila sehemu ina kazi yake. Kubonyea kwa kikalio huupokea mwili. Kwa kuwa hakina maungio, unyevu wa msitu haupati mahali pa kukilegeza. Kitako kipana hukizuia kuzama katika sakafu ya udongo. Tena, hakina mbele wala nyuma: aliyekikalia huweza kugeukia moto au mzungumzaji bila kukihamisha.

Hata hivyo, kisumbi hakikuwa cha kukalia tu. Walega hawakuwa na mfalme mmoja. Mamlaka yao yalikaa katika Bwami, chama chenye ngazi ambacho daraja lake la juu kwa wanaume ni kindi. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu *Lega Culture* mwaka 1973, ameeleza kwamba vitu vya Bwami vilifundishwa pamoja na methali, ngoma na maigizo. Ala ya fahari na unyoya wa ndege vyote vilikuwa na la kusema; kitu kilichotengwa na methali yake kilikuwa bubu.

Hapa mwanaisimu ana neno. Katika Kilega, busoga ni wema na uzuri kwa pamoja. Kiswahili nacho kina mzizi -zuri: twasema sura nzuri, tabia nzuri, kazi nzuri. Kwa lugha hizi mbili, kuuliza kama kigoda kinapendeza au kinafaa ni kuligawa swali ambalo wasemaji wenyewe hawakuligawa.

Mwaka 1948 utawala wa Kibelgiji uliipiga marufuku Bwami. Chama hakikufa, lakini vitu vyake vingi vilikwisha kushika njia ya kwenda katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani. Huko kisumbi huitwa sanaa, nacho hakikaliwi na mtu. Hivyo kimepoteza kazi yake na methali zake kwa pamoja, kikabakiwa na umbo.

Huku kwetu Kindu, kuanzia Mikelenge hadi Kasuku na Alunguli, nafasi yake imechukuliwa na kiti cha plastiki. Tusikidharau. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet alibuni kiti kiitwacho Fauteuil 300, kimojawapo cha vielelezo vya viti hivyo: kipande kimoja, bila maungio, chepesi, chenye kupangwa kimoja juu ya kingine. Aliyekibuni naye alifikiri, na katika jambo la maungio amekutana na mchongaji wa Pangi bila kumjua. Tofauti iko kwingine: kiti cha plastiki hakikuja na methali, nacho kikivunjika hutupwa bila kusimuliwa.

Kwa hiyo tusidhani kwamba kukirudisha kisumbi kimoja kutoka ng'ambo kungetosha. Kingerudi bubu. Lililo la haraka ni kukusanya majina ya sehemu za vyombo na methali zake kutoka kwa wazee waliohamia mjini, kwani hayo hayahifadhiwi katika kabati la kioo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu haihitaji safari ya mbali. Aanze Mikelenge, na aulize kwanza kila sehemu ya kigoda yaitwaje.