Simbamangu Hana Faili

Kama umekuwa mtandaoni tangu siku za korona, sura yake unaijua. Paka mkubwa wa rangi ya udongo, masikio marefu yenye vishungi vyeusi kwenye ncha, anakuangalia kama mtu aliyekukopesha pesa na umeanza kumkwepa. Mtandao ulimpa jina Floppa. Nyumbani aliitwa Gosha. Alizaliwa Kyiv mwaka 2017 akafugwa Moscow, ndani ya nyumba ya watu. Tumemtumiana kwenye WhatsApp mpaka stika zikachakaa, na wengi wetu hatukujua kwamba ndugu zake wa porini wanaishi hapa kwetu, kwenye vichaka vinavyoanza nyuma ya vibanda vya Mtito Andei, pale basi la Mombasa linaposimama abiria wanyooshe miguu.

Kwa Kiswahili ni simbamangu. Si simba, ila jina limeshika na hatutalibadilisha leo. Wazungu nao walimkosea kwa namna yao. Walipoona vile vishungi vya masikioni wakakumbuka linksi wa misitu ya kwao, wakamwita linksi wa Afrika, linksi wa jangwani, linksi wa Uajemi. Waturuki ndio waliomtazama vizuri. Walimwita karakulak, yaani sikio jeusi, na kutoka hapo msomi Mfaransa Buffon akapata neno karakali katikati ya karne ya 18. Mwaka 1776 Mjerumani Schreber akampa jina la kisayansi kutokana na mnyama wa huko Rasi, Afrika Kusini. Ukoo wake ulikuja kunyooshwa na vinasaba: utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba ndugu zake wa karibu ni mondo na paka wa dhahabu wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Hao watatu walijitenga na paka wengine mamilioni ya miaka iliyopita. Linksi ni tawi lingine kabisa, na katika Afrika ya leo hakuna linksi wa porini hata mmoja.

Sasa, Mtito Andei. Jina ni la Kikamba: mtito ni msitu mnene, ndei ni tumbusi. Msitu wa tumbusi. Liweke jina hilo mfukoni, tutalihitaji baadaye.

Historia ya sehemu hii imeandikwa kwa miili mikubwa. Kwanza simba. Mwaka 1898 reli kutoka Mombasa ilifika mto Tsavo, na simba wawili wasio na manyoya shingoni wakaanza kuwatoa wafanyakazi kwenye mahema usiku. Mhandisi Patterson aliwapiga risasi wote wawili Desemba mwaka huo, akaandika kitabu kilichotoka 1907, na baadaye akauza ngozi zao kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Patterson alifika mahali akasema wameua watu 135. Wanasayansi waliopima mifupa na nywele za simba hao, matokeo yakatoka 2009, walikadiria kama 35. Namba yoyote utakayochukua, wale simba wana kitabu, wana filamu, wana kabati la kioo Marekani.

Halafu tembo. Tsavo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na sababu mojawapo ni kwamba mkoloni hakuona cha kufanya na ardhi ile: kavu, imejaa mbung'o, haifai shamba la mlowezi. Kwa Mkamba na Mwaata aliyekuwa akiwinda, akirina asali na kuchunga humo, ardhi hiyo ilikuwa na kazi tele. Kufikia miaka ya 50 mwindaji wa jana alikuwa jangili, na vikosi vilipita vijijini kukamata watu wenye pinde na mishale ya sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 70 ukame uliua tembo kwa maelfu. Kisha wakaja majangili wa bunduki, na mwishoni mwa miaka ya 80 tembo wa Tsavo walikuwa wamebaki takriban 6,000 tu. Kila hatua iliandikwa. Watu walipanda ndege ndogo wakahesabu tembo mmoja mmoja, na mizoga yao pia.

Simbamangu alikuwepo muda huo wote. Hakuna aliyemhesabu.

Si ajabu sana. Huyu ni mnyama wa kilo 8 hadi 20, anayetembea peke yake na zaidi usiku, rangi yake ni ile ile ya vumbi la Tsavo. Anakula pimbi, sungura, panya, digidigi, na ndege: kanga na kwale. Maji anaweza kukaa siku nyingi bila kunywa, yale ya kwenye nyama yanamtosha. Mama hubeba mimba wiki kumi au kumi na moja hivi, akazaa watoto wawili watatu ndani ya shimo lililoachwa na muhanga. Kitu kinachomfanya awe yeye ni miguu ya nyuma. Anaruka zaidi ya mita mbili kwenda juu kutoka alipokaa, bila kukimbia kwanza, na kumpiga kanga hewani kwa kiganja. Kwa ajili ya hiyo ruka, wafalme wa India walimfuga. Wenyewe walimwita siyah-gosh, sikio jeusi tena, safari hii kwa Kiajemi. Walimwachia kwenye kundi la njiwa na watu wakaweka dau: atawaangusha wangapi kabla hawajapaa? Leo India yenyewe ina simbamangu wachache mno, pengine hawafiki 100 nchi nzima. Kufugwa na wafalme hakukuwasaidia kitu.

Afrika Kusini ilikuwa vita ya wazi. Kwenye mashamba ya kondoo ya Karoo, kati ya 1931 na 1952, waliuawa kwa wastani zaidi ya 2,000 kila mwaka. Jambo la kushangaza ni kwamba hawakuisha. Ukiua mwenye eneo, kijana anayetafuta pa kukaa anaingia, na kijana asiye na uzoefu ndiye anayekimbilia kondoo. Mfugaji anaua tena, kiti kinajazwa tena.

Kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini, simbamangu kwa jumla yuko kwenye fungu la wasiotia wasiwasi sana. Fungu hilo ni kweli na pia ni mtego. Ni hesabu ya bara zima na nusu. Haisemi chochote kuhusu kichaka kimoja kati ya barabara kuu na mto Athi. Mwaka 2021 Kenya ilifanya sensa ya taifa ya wanyamapori ikatupa tembo 36,280, simba 2,589, duma 1,160. Simbamangu hana namba, kwa hiyo hata akipungua nusu hakuna karatasi itakayoonyesha. Linksi wa Hispania alibaki chini ya 100 mwaka 2002. Watu wakamhesabu, wakamzalisha kwenye vituo, wakamrudishia sungura wake, na 2023 walikuwa wamepita 2,000. Pesa za Ulaya zilifanya kazi, sawa. Lakini kabla ya pesa kulikuwa na ile namba ya kutisha. Bila namba hakuna aliyeshtuka.

Upande wa Mtito Andei ambao haumo ndani ya hifadhi ni mashamba madogo, mbuzi na kuku. Hapo ndipo historia ya huyu paka inaandikwa sasa, na inaandikwa na mama mwenye kuku kumi na wawili ambaye asubuhi amekuta wanane. Kuku kwa nyumba kama hiyo si kitoweo tu, ni karo ya muhula na nauli ya hospitali. Tuwe wakweli: ukimwambia mtu huyo apende wanyamapori, atakuuliza wewe unakaa wapi.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 ina orodha ya wanyama ambao wakikuharibia mali serikali inatakiwa kukufidia. Simba yumo, chui yumo, duma, fisi na mbwa mwitu wamo. Simbamangu hayumo. Fidia zenyewe huchelewa miaka, waulize majirani wa hifadhi yoyote, lakini angalau aliyeliwa mbuzi na chui ana fomu ya kujaza. Aliyeliwa na simbamangu hana hata fomu. Na ukimuua huyo simbamangu, sheria ile ile inakutambua: ni kosa. Yaani mnyama ni mali ya taifa akifa, na ni shida yako akiwa hai. Mimi naona hapo ndipo penye ubovu, kuliko kwenye roho za wanakijiji.

Sasa rudi kwenye lile jina la mfukoni. Mtu asiye na fomu ana njia nyingine ya bei rahisi, nayo ni sumu kwenye kipande cha nyama. Kenya tunajua vizuri habari ya Furadan, dawa ya wadudu iliyokuwa ikiuzwa dukani na kutumika kuua simba, mpaka kampuni ikaiondoa sokoni 2009. Dawa nyingine zipo. Sumu haichagui. Inayowekewa fisi humuua mbweha, na anayekula mzoga wa mbweha ni tumbusi, kundi zima kwa mlo mmoja. Masai Mara, utafiti wa 2011 ulionyesha tumbusi wamepungua zaidi ya nusu katika miaka 30. Tangu 2015 tumbusi mgongo-mweupe, mmoja wa wale waliokuwa wa kawaida kabisa nchi hii, yuko daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini.

Na simbamangu, ambaye kwa kawaida hupenda nyama aliyoua mwenyewe, njaa ikimbana hula mzoga pia.

Kuna dawa ya kuku isiyo na sumu, na inatokana na kumjua mnyama. Ua wa miiba humzuia fisi. Kwa mnyama anayeruka mita mbili kwenda juu, ua wa miiba ni kama kizingiti cha mlango. Kinachomzuia ni paa: banda dogo lililofunikwa juu kwa wavu wa kuku, mlango wa kufunga jua likizama. Kazi ya siku moja kwa mtu mwenye nyundo. Wavu unauzwa pale pale mjini, barabarani, na kwa sasa anayeulipia ni mwenye kuku.