Raia, mwananchi na mtu wa tajnisi

Polisi akiwashukuru "raia wema" kwa taarifa, gazeti likiandika kwamba askari wawili na raia mmoja wamejeruhiwa, kijana wa kijiweni akisema "leo uwanjani raia kibao", hakuna kati yao anayemwuliza mtu pasipoti. Wa kwanza anasema wakazi, wa pili anasema asiyevaa sare, wa tatu anasema watu tu. Hapo bado hatujagusa maana ya kisheria: mtu ambaye dola inamtambua kuwa wake, ikamdai utii na yeye akaidai ulinzi.

Neno ni la Kiarabu. Raiyya ni kundi la mifugo lenye mchungaji, kisha likawa jina la watu walio chini ya mtawala. Waarabu wa leo, wakitaka kumtaja raia mwenye haki zake, husema muwatin, kutokana na watan, yaani nchi ya mtu. Sisi tumebaki na la mchungaji, tukalipachika kura. Kondoo anayemchagua mchunga! Silalamiki; neno limeshazoea kazi yake mpya.

Mwananchi ni habari nyingine. Huyo ni mwana wa nchi kwa jina lenyewe, ndiyo maana hakuna ofisi inayotoa cheti cha uwananchi. Uraia una cheti, una masharti, na unaweza kuukana. Mtanzania mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa kwao, kwa kuwa sheria haimruhusu kuwa na uraia pacha. Mkenya, tangu Katiba ya 2010, anaruhusiwa.

Kuhusu wajibu, ifungue Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 25 hadi 28, uangalie nani anatajwa. Kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma: yote hayo ni ya "kila mtu", hata mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege. Ikifika zamu ya kuilinda nchi, uhuru wake na ardhi yake, ndipo Katiba inasema "kila raia". Kura nayo ni ya raia peke yake, akitimiza miaka 18.

Sheria ya Uraia ya 1995 ina milango mitatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi. Kuzaliwa na kurithi havihitaji kamusi. Tajnisi ni mgeni kuomba na kupewa. Pamoja na mengine, awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia awe amekaa jumla ya miaka 7. Awe na mwenendo mwema, na ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha.

Istilahi hii imetoka kwenye jinsi, kwa maana ya aina: kumtajnisi mtu ni kumwingiza katika aina yenu. Kwa Waarabu jinsiyya ndiyo uraia. Kwetu jinsia ni mambo ya wanaume na wanawake, kwa hiyo anayesikia tajnisi mara ya kwanza anaweza kwenda mbali kabisa na Idara ya Uhamiaji.

Si neno la watu wachache. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwapa vyeti vya tajnisi Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao: zaidi ya watu 162,000, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengi wamezaliwa humo humo, wamelima humo, na Kiswahili chao hakikuhitaji mtihani. Neno lililowafanya Watanzania ndilo pekee ambalo jirani yao aliyezaliwa Tabora angeshindwa kuwaeleza.

Kenya inasema kusajiliwa, na kila mtu anaelewa. Nasi tungeandika "uraia wa kuomba", tajnisi tukawaachia wanasheria.