Chukua Hiki, Utaniletea Habari

Nilikuwa na miezi mitatu tangu niache chuo. Sababu ni ile ya kawaida, karo, na sitakuchosha nayo. Nyumbani walikuwa bado wanaamini nasoma. Kwa hivyo kila asubuhi nilibeba begi, nikapanda matatu, nikashuka kwenye maktaba moja ya umma huku Eastlands na kukaa humo hadi saa kumi jioni. Nairobi hii hakuna pahali pengine msee anaweza kukaa siku nzima bila kununua hata chai, na bila soja kumuuliza anangoja nani.

Mzee wa kaunta aliniangalia wiki mbili bila kusema kitu. Alikuwa anaona vile mambo yalikwenda: nafungua gazeti, nasoma ukurasa wa kazi, nalala. Siku moja akaja na kitabu kembamba, jalada limeshikwa na selotepu, akakiweka juu ya gazeti langu.

"Kijana, chukua hiki. Utaniletea habari."

Kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla. Sikuwa nimewahi kukisikia. Kiswahili nilichokijua mimi kilikuwa cha setibuku, unachosoma ukihesabu tamathali za usemi. Hapa kulikuwa na Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko mdomoni, na maiti, na watu wanaodanganya. Nilikimaliza siku hiyo hiyo. Kesho yake nilipomletea habari, hakuniuliza funzo la hadithi. Aliuliza, "Ulimshuku nani?" Nikamwambia. Akacheka hadi watoto wa darasa la nane wakageuka.

Ndani ya kitabu kile, mahali ambapo watu huruka, palikuwa na jina la East African Literature Bureau. Hapo ndipo nilianza kuuliza swali ambalo bado linanisumbua: kabla ya mzee huyu kuniambia nisome nini, nani alikuwa akimchagulia nani katika nchi hii?

Anza na jumba ambalo kila mtu wa Nairobi amelipita: maktaba ya McMillan, Banda Street, jirani na msikiti wa Jamia, ile yenye nguzo kubwa na simba wawili mlangoni. Ilifunguliwa mwaka wa 1931. William Northrup McMillan alikuwa tajiri Mmarekani aliyepewa cheo cha Sir na Waingereza, mwenye shamba kule Juja ambako Theodore Roosevelt alikaribishwa mwaka wa 1909 akija kuwinda. Alikufa 1925, akazikwa Ol Donyo Sabuk. Mkewe, Lucie, ndiye aliyejenga maktaba kwa ukumbusho wake. Ilikuwa ya Wazungu peke yao. Wahindi wa Nairobi walijijengea ukumbi na maktaba yao kwa jina la M. A. Desai, mhariri na mwanasiasa aliyekufa 1926. Mwafrika hakuwa na jumba. Milango ya McMillan ilikuja kufunguliwa kwa watu wote uhuru ukiwa unakaribia.

Mara nyingi tukisimulia habari hii tunaishia kwenye mlango: nani aliingia, nani alifukuzwa. Ni sawa, mlango ni kitu. Lakini mimi nafikiria kaunta. Kwa miaka hiyo yote, mtu mweusi hakuweza kusimama upande wowote wa kaunta ile kama msomaji na kuambiwa na mtu mwingine, chukua hiki. Najiuliza nani alikuwa akifuta vumbi kwenye zile rafu, na kama jina moja la kitabu liliwahi kumkaa kichwani hadi nyumbani.

Mwaka huo huo wa 1931, kule Madras, mkutubi mmoja aitwaye S. R. Ranganathan alichapisha kitabu kuhusu sheria tano za kazi yake. Wakutubi duniani kote bado wanazitaja. Moja inahusu msomaji kupata kitabu kinachomfaa. Inayofuata inageuza mambo: inamtaka mkutubi afikirie upande wa kitabu, kwamba nacho kina mtu wake huko nje na ni lazima kisaidiwe kumfikia. Mzee wangu hakunitajia Ranganathan hata siku moja. Alinitajia tu vile kitabu fulani "kimekaa sana bila mtu," kama anayezungumzia binti wa jirani.

Sasa turudi kwa Bureau. Baada ya Vita vya Pili serikali ya kikoloni iliingiwa na wasiwasi. Waafrika wengi zaidi walijua kusoma, wanajeshi walikuwa wamerudi, na hakukuwa na vitabu vya kuwapa, au tuseme hakukuwa na vitabu ambavyo serikali ingependa wapewe. Elspeth Huxley, mwandishi Mzungu aliyelelewa Thika, alitumwa kuchunguza jambo hilo. Matokeo yake yalikuwa East African Literature Bureau, iliyoanza 1948, makao makuu Nairobi, mkurugenzi wa kwanza Charles Richards. Ilichapa vitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine, na pia ikaendesha huduma ya maktaba: masanduku ya vitabu yaliyopelekwa mashinani, na mkopo kwa njia ya posta.

Hebu fikiria sanduku hilo. Kuna mtu ofisini Nairobi amelijaza, na mwalimu wa kijiji analifungua. Kila kitu ndani yake ni pendekezo, lakini pendekezo la mtu asiyekujua, na ambaye ameshaamua unahitaji nini: kilimo bora, usafi, namna ya kulea mtoto. Sinema za magari ya serikali zilikuwa hivyo hivyo, zilikuja kijijini kufundisha.

Ningeweza kuishia hapo na kuwalaani. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Shida ni Bwana Msa. Hadithi ile ilishinda shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la 1957-58, na aliyeandaa shindano ni Bureau hiyo hiyo, ambayo ikaichapa 1960. Miaka michache baadaye kijana wa Makerere aliandika riwaya kwa ajili ya shindano lingine la Bureau. Leo tunaijua kama *The River Between*, ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Mkoloni aliomba vitabu vya kuwatuliza watu, akaletewa mpelelezi mwenye kiko na kijana wa Limuru. Sijui niite hii bahati ya nani.

Bureau ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1977, na upande wa Kenya ndiyo hii Kenya Literature Bureau iliyotuchapia vitabu vya shule. Kazi ya maktaba ilikuwa tayari imepewa huduma ya kitaifa iliyoundwa na sheria ya 1965. Mwaka wa 1996 huduma hiyo ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa. Picha zake umeziona, wageni huzipenda sana. Kinachonivutia mimi si ngamia, ni asubuhi kabla ya safari. Ngamia ana kipimo cha mzigo. Kuna mtu anayesimama mbele ya rafu na kuamua kipi kinapanda na kipi kinabaki, na tofauti yake na yule wa sanduku ni kwamba huyu atawaona wenyewe wakikirudisha.

Upande wa filamu, kizazi changu hakikulelewa na maktaba, tusidanganyane. Tulilelewa na msee wa duka la movie, yule wa kuchoma DVD, aliyejua kwamba mathee anataka za Kinaijeria na wewe unataka za kupigana. "Hii usichukue, mwisho ni mbaya." Mkutubi kamili, ila hakuwa na muhuri.

Muziki, mzee alinipa kwa mdomo tu. Maktaba haikuwa na santuri hata moja. "Ukimaliza Bwana Msa, tafuta Fundi Konde. Hao ni watu wa enzi moja." Nikamtafuta kwenye simu, nikasikiliza kwa earphone ya sikio moja pale pale mezani: gita la mtu wa pwani aliyewatumbuiza askari wakati wa vita. Mzee alikuwa anapita na kitoroli cha vitabu, akaona kichwa changu kinatikisika, akaendelea na safari yake.

Nimetafuta maandishi kuhusu mapendekezo ya aina hii na ni machache mno. Wafadhili wana vibao vya shaba ukutani. Vitabu vina namba. Lakini maneno "chukua hiki" hayaandikwi popote. Kitu pekee kinachobaki ni ile karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ya kitabu, yenye mihuri. Nakala yangu ya *Mzimu* ilikuwa imekaa miaka kumi na mmoja bila muhuri mpya. Halafu wangu. Halafu, nilipokwenda kuangalia, mingine minne ndani ya mwaka mmoja. Alikuwa amewaendea watu wengine wanne waliokuwa wanalalia magazeti.

Mzee alistaafu mwaka jana. Nilienda na chapati na gazeti lenye makala yangu ya kwanza ya kulipwa, nikakuta kiti kina koti la mtu mwingine. Dada wa kaunta ni mpole, ana kompyuta, na aliniuliza natafuta kitabu gani. Nikasema sijui. Akangoja kidogo, akanitazama vizuri.

"Cha mwisho kukipenda kilikuwa kipi?"

Nikavuta kiti.