Neno la leo: Zima

Mavuno yakiiva katika bonde la Kilombero, mashine za kukoboa mpunga mjini Ifakara huunguruma kutwa. Nyingi hutoka nje, na maandishi ya vitufe vyake ni ya Kiingereza au Kichina. Kwa hiyo fundi humwelekeza kijana kwa neno moja: zima.

Neno hilo limebebeshwa kazi mbili. Kitufe chekundu husimamisha mota, lakini umeme bado umo. Mwenzako akibonyeza cha kijani, mkanda unazunguka tena. Swichi kuu ndiyo inayokata umeme wenyewe.

Kiswahili kinazitenganisha vizuri: SIMAMISHA na KATA UMEME, mbali na WASHA ya kuanzisha. Maneno hayo yaandikwe kwa herufi kubwa, kila moja kando ya kitufe au swichi yake. Kitufe cha dharura, kwa kanuni za kimataifa, huwa chekundu juu ya rangi ya njano. Kiwekwe mahali mkono unafika bila kuvuka mkanda. Kabla ya kuzibua mpunga ulioziba, amri iwe "kata umeme", na swichi ifungwe kwa kufuli.

Anayeingiza mkono ndani ya mashine ana haki ya kuonywa kwa lugha anayoielewa.