Urithi wa Ibrahimu katika Msamiati wa Uzaramo

Wamisionari Waprotestanti wa Kijerumani walipofungua kituo Kisarawe mwaka 1892, na kingine Maneromango mwaka 1895, hawakuikuta nchi tupu ya maneno ya dini. Katika vilima hivyo, na huko Kibaha upande wa kaskazini, Uislamu ulikuwa ukienea kutoka pwani pamoja na Kiswahili chake. Nabii, malaika, sadaka na Injili yalikwisha kuwa maneno ya Kiswahili kabla ya mfasiri yeyote wa Biblia kushika kalamu.

Swali lililowakabili wafasiri halikuwa jepesi: je, yafaa Mkristo amtaje Musa kwa maneno yale yale ya jirani yake Mwislamu? Karl Roehl aliona haifai. Katika Biblia yake, iliyotimia mwaka 1937, manabii huitwa wafumbuaji, na Injili huitwa utume mwema. Nia yake ilikuwa kuirudisha lugha kwenye asili yake ya Kibantu. Wala si nia ya kudharauliwa, kwani mfumbuaji ni neno lililoundwa vizuri. Bali hoja yenyewe ina udhaifu. Nabii si mali ya Waarabu peke yao: katika Kiebrania ni navi, na ndivyo Isaya anavyoitwa katika vitabu vya Mayahudi, karne nyingi kabla ya Kurani. Malaika ana nduguye mal'akh. Sadaka inalandana na tsedaka, yaani haki, ambayo kwa Mayahudi ilikuja kuwa pia jina la msaada apewao maskini. Injili ni neno la Kiyunani asili yake, likapita katika Kihabeshi cha kale ndipo likafika kwa Waarabu. Basi aliyelitoa neno la msikitini alilitoa pia, bila kukusudia, neno la Isaya mwenyewe.

Tena wenye lugha walikwisha kuyafanya yao. Malaika kwa Kiarabu ni wingi. Kwa Kiswahili ni mmoja. Na neno lililo kubwa kuliko yote, Mungu, ni la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa Kizaramo, na Waislamu wa pwani hawakulikataa.

Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ilishika nabii, malaika na Injili. Kisarawe na Kibaha, hata leo, sadaka ni chakula cha hitima, na ni fedha itiwayo kapuni kanisani.