Mtumba Kabla na Baada ya Ruksa

Waliozaliwa baada ya 1985 wameukuta mtumba umejaa sokoni na wengi hudhani umekuwapo siku zote. Wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka mengine. Wakati wa ukoloni nguo zilizovaliwa zilikuwapo, yakiwamo makoti mazito ya kijeshi yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini zilikuwa chache. Mwanamke wa pwani alitegemea doti zake za kanga, na kanga haikuwa na haraka ya kutupwa. Ikipauka ilikuwa mbeleko, ikichanika ikawa nepi, na ilipokwisha kabisa ikawa tambara la kudekia sakafu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza ujamaa na kujitegemea, serikali ilitaka Mtanzania avae pamba yake. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilifunguliwa 1968. Mwanza kulikuwa na kiwanda cha Mwatex na Musoma cha Mutex, jirani na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Biashara ya mitumba ikazuiwa. Iliyoingia ilipitia kwa makanisa na mashirika ya misaada, nyingine kwa magendo. Watu waliiita kafa Ulaya, yaani nguo ya mtu aliyefia Ulaya, na aliyeivaa hakupenda kuulizwa alikoipata.

Haya hiyo iliondolewa na shida. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilimaliza bidhaa madukani. Viwanda navyo vikakosa vipuri. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, yaani waliotuhumiwa kuficha na kulangua bidhaa, na wapo walioona heri kutupa bidhaa usiku kuliko kukutwa nazo. Bajeti ya 1984 ndiyo iliyolegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Ikulu Ali Hassan Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa kwa kuruhusu yaliyokuwa yamezuiwa, na mitumba ikamwagika mitaani. Sidhani kuna sera ya wakati ule iliyomgusa mwananchi wa kawaida mwilini kama hiyo.

Ukitaka kuielewa biashara hii, nenda soko la Karume, Ilala, asubuhi na mapema. Belo la kilo 45 linashushwa, mikanda inakatwa, na watu wanalizunguka kabla nguo hazijatanuka vizuri. Mwenye belo amelinunua bila kuona ndani. Anachojua ni aina ya nguo na gredi iliyoandikwa juu. Akikuta masweta ya kuvaliwa kwenye theluji, na Dar es Salaam ni Desemba, hasara ni yake. Wanaochagua mwanzo hulipa zaidi. Nairobi, pale Gikomba, nguo za chaguo hilo huitwa kamera. Zinazobaki humwagwa kwenye turubai na kunadiwa buku, buku, yaani elfu moja moja, mpaka jua lizame.

Pembeni amekaa fundi cherehani. Anapunguza kiuno cha suruali iliyoshonewa Mmarekani mnene, anabadilisha zipu, shuka la maua analitoa magauni mawili ya watoto. Jirani yake anapiga pasi ya mkaa na kutundika mashati kwenye henga yaonekane mapya. Siku hizi Ulaya kununua nguo iliyovaliwa kunasifiwa kuwa ni kutunza mazingira, maana fulana moja ya pamba hukadiriwa kutumia lita 2,700 za maji hadi kukamilika. Sawa. Ila kazi ya kuirefushia nguo maisha inafanywa na huyu fundi, na sijaona bango la Ulaya linalomtaja.

Lawama nazo zipo. Mwaka 2008 mchumi Garth Frazer alikadiria kuwa mitumba ilichangia takriban asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000. Mimi naikubali hesabu hiyo kwa sharti kwamba tusisahau upande wa pili: madeni, umeme wa kukatika, mitambo iliyochakaa, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia. Urafiki ilianza kuugua kabla belo la kwanza la ruksa halijafunguliwa.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na suala la AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, likaletwa mezani. Kenya ilirudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilishikilia ushuru wake wa mitumba, uliokuwa umepandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya ushuru kwa mavazi yake.

Kilichobadilika tangu enzi za Mzee Ruksa ni kitambaa chenyewe. Nguo za fasheni ya haraka zinakuja nyepesi, nyingi za poliesta, mshono ukiwa umeshaachia. Fundi hana la kuzifanya, na kiraka hakishiki. Hizo huishia mtaroni au jalalani, na anayelipia kuzizoa ni manispaa yetu. Tangu 2007 sheria ya Ufaransa inawadai wanaouza nguo wachangie gharama za kukusanya na kuchambua zilizochoka. Nchi zinazopokea mabelo zidai ada kama hiyo isafiri pamoja na mzigo, na nguo isiyovalika tena ibaguliwe huko huko kabla ya kupakiwa melini.